Siku Tuliyokwenda Kuisuta Kampuni ya Unga

Watu wananipigia simu. Wengine ni vikundi vya akina mama, wengine ni vijana wa vyuoni wenye kazi za kuandika, na wote wanataka jambo moja: niwaeleze jinsi wateja tulivyoibana kampuni ya unga mpaka ikatoa msaada iliouahidi. Wanataka mapishi. Chukua wanawake tisa, tia hasira kiasi, koroga. Kuna siku nawajibu na kuna siku nakata simu, maana mapishi ninayoyajua mimi ni ya maandazi na chapati, na hili la kampuni, ingawa liliiva, nililiunguza upande mmoja.

Nimepika kwa zaidi ya miaka ishirini katika kijiji kilicho mbele kidogo ya Makurunge. Wateja wangu ni vibarua wa mashambani na madereva wanaokata barabara kwenda Msata. Wapika unga hapo kijijini tuko tisa, na kwa wiki moja tunamaliza viroba ambavyo familia ya mjini haivimalizi kwa mwaka. Nasema hivi mapema kwa sababu wapo wanaodhani mteja ni yule anayesukuma kitoroli dukani penye kiyoyozi, na sisi wengine tumepita tu.

Zahanati yetu ina chumba cha kujifungulia, vitanda viwili, nesi wa maneno machache, na kisima kirefu uani ambacho pampu yake ilikufa siku nyingi. Kila Ijumaa lilikuja boza dogo la maji, likajaza mapipa mawili, likaondoka. Sote tulijua ni boza la halmashauri. Nani alituambia? Hakuna. Lakini diwani alipokuwa akishukuriwa mkutanoni kwa ajili ya maji yale alikuwa anainamisha kichwa kwa unyenyekevu, na mtu akiinamisha kichwa namna ile unaamini ametenda.

Tatizo la mapipa mawili ni kwamba watoto hawazaliwi Ijumaa tu. Binti yangu alipomzaa mtoto wake wa kwanza ilikuwa Jumatano, na mapipa yalikuwa makavu tangu jana yake. Nesi alitoka mlangoni akaniambia, "Mama, ndoo mbili." Nikaenda mbio mpaka kwa jirani mwenye kisima cha kamba, nikarudi na ndoo kichwani, na sauti ya mwanangu niliisikia kabla sijafika kwenye ukuta wa zahanati. Nesi alinawa kwa kikombe, mimi namwagia. Mtoto alipotoka ilibaki nusu ndoo, na kwa nusu ndoo ile nikamwosha mwanangu na nikaosha sakafu. Sijapata kuwa na hasira kama ile, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Kampuni ya unga ilikuja mwaka uliofuata. Ilikuja na lori lenye spika, vijana wenye fulana za njano, na mshereheshaji aliyekuwa akituita "mabosi wangu". Akashuka meneja wa masoko, amevaa viatu vyenye ncha, akasema kila kiroba tunachonunua kuna sehemu yake inarudi kwetu. Akasema amepita zahanati, ameona hali, na moyo wake umeuma. Ndani ya miezi mitatu kampuni ingeleta tenki kubwa la maji na pampu mpya ya kisima, maji yaingie kwa bomba mpaka chumba cha kujifungulia. Tulipiga vigelegele mpaka koo zikakauka. Maandazi ya kuwakaribishia nilikaanga mimi, kwa unga wao, nilioununua kwa pesa yangu. Kwa nini hakuna aliyeliona hilo siku ile, mimi mwenyewe nikiwemo, mpaka leo sijui.

Wiki mbili baadaye walikuja mafundi. Wakasimamisha nguzo nne za zege na kibamba cha kuwekea tenki juu, wakapaka rangi ya njano, wakaandika jina la kampuni pande zote nne ili hata mwenye kutoka porini asilikose. Chini yake wakaandika kwa herufi ndogo: Kutoa ni moyo. Wakapiga picha, wakaondoka.

Tenki halikuja. Mwezi wa tatu haukuleta kitu, wa tano haukuleta kitu. Mbuzi waligundua kwamba kwenye kivuli cha kibamba kile panalalika vizuri. Mwezi wa nane binti yangu akaniambia ana mimba tena, na tayari imefika miezi mitano. Alinieleza huku anatabasamu. Mimi niliona ndoo.

Nikapiga ile namba iliyoandikwa kwenye kiroba. Mashine ikaniambia simu yangu ni ya thamani sana kwao, ikanipigia muziki, kisha akapokea binti mwenye sauti laini.

"Unga wetu una tatizo gani, mama?"

"Unga hauna tatizo, mwanangu. Tenki ndilo halipo."

"Naomba namba iliyogongwa ubavuni mwa kiroba."

"Tenki halina kiroba. Mliahidi tenki la maji kwenye zahanati yetu."

"Nimekuelewa, mama. Ila hapa kwangu nina sehemu ya unga uliovunda, unga wenye wadudu, na uzito pungufu. Ya tenki sina."

Hakuwa mkorofi. Alikuwa binti wa watu, amewekewa visanduku vitatu na dunia nzima inapaswa kuingia humo. Nikachoka. Nikamwambia, "Basi niandikie wadudu." Akaandika. Baada ya siku nne nililetewa kiroba kipya cha fidia, kimefungwa vizuri, na kikaratasi cha kuniomba radhi. Kwa ukweli wa miezi minane sikupata hata salamu, na kwa uongo wa dakika mbili nikapata kilo ishirini na tano. Nilizipika, na sitaki kujitetea.

Tukaamua kuacha kununua unga wao. Ndivyo wanavyotuambia kwenye redio, kwamba mteja ana nguvu, akiondoa mkono wake kampuni itayumba. Tukakaa wote tisa barazani kwangu, tukaapa, tukahamia unga wa aina nyingine wenye kiroba cha kijani. Chapati zikawa zinapasuka kabla hazijafika kwenye sahani. Dereva mmoja, mteja wangu wa miaka, alitafuna andazi akaniuliza, "Mama, leo umetukandia saruji?" Nikavumilia. Siku ya sita dada yangu mkubwa, ambaye husoma kila kilichoandikwa hata kwenye karatasi ya dawa, alikigeuza kiroba cha kijani akasoma maandishi ya chini kabisa. Sanduku la posta lilikuwa lilelile. Mtaa uleule. Kinu kilekile. Unga wa njano na unga wa kijani ni mama mmoja baba mmoja, wamevalishwa nguo tofauti ili sisi tudhani tunachagua.

Mgomo ulikufa wiki ya pili. Kwa kweli ulikuwa umekufa kabla, maana wenzangu wawili walikuwa wananunua unga wa njano na kuumimina kwenye kiroba cha kijani ili tusiwaone. Niliyala maandazi yao nikajua kwa ulimi. Sikuwasema. Wana watoto shuleni na mimi pia nilikuwa nimeshapoteza nusu ya madereva.

Basi dada yangu akasema, "Aliyesema uongo hapelekewi barua. Anasutwa."

Kwetu pwani kusuta ni kazi yenye taratibu zake. Mtu akisema neno lisilo la kweli, wanawake wanavaa kanga sare, wanakodi ngoma na matarumbeta, wanamfuata mpaka mlangoni kwake na kumuuliza mbele za watu: ulisema, hukusema? Lazima awepo shahidi aliyesikia kwa masikio yake. Aliyesutwa anaweza kuhama mtaa. Dada yangu ameongoza suto kutoka kwetu mpaka Mbegani, na hakuna mlango uliomshinda. Mashahidi tulikuwa nao kijiji kizima. Kilichotusumbua ni mlango. Kampuni inakaa Dar, nyuma ya geti lenye walinzi, na watu wake wanabadilishwa kama foronya. Yule meneja wa viatu vyenye ncha, tulisikia, alikuwa ameshahamia kampuni ya rangi.

"Mlango upo," dada yangu akasema. "Upo mjini Bagamoyo. Ukuta mzima wa njano."

Alikuwa anasema duka la wakala, mahali tunaponunulia viroba. Mwenyewe ni mzee wa miaka sabini na kitu, wa familia ya Kihindi ya Kiislamu iliyouza vitu katika mtaa uleule tangu enzi za babu yake. Kiswahili chake kinanishinda mimi. Duka lake lote nje limepakwa njano, na jina la unga limeandikwa kutoka dirishani mpaka kwenye paa. Naandika hapa bila kujificha: mimi nilikubali. Nilisema ndiyo, ndipo penyewe. Nilikuwa nahesabu miezi ya binti yangu na nilitaka mlango wowote.

Tulikwenda Alhamisi asubuhi, wanawake tisa na wengine kumi na kitu waliotufuata kwa ajili ya ngoma. Matarumbeta yalianzia kona ya mtaa. Watu wakatoka majumbani, simu zikanyanyuliwa. Mzee alikuwa anampimia mtu binzari. Akamaliza kupima, akafunga karatasi, akampa mteja wake, ndipo akatoka akasimama kizingitini na kuweka mikono nyuma.

Dada yangu akajifunga kanga kiunoni. "Ulisema, hukusema?"

"Kasema," tukaitikia.

"Tenki la maji uliahidi, hukuahidi?"

"Kaahidi."

Mzee akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akatutazama mmoja mmoja. "Tenki la wapi, bibi?"

Dada yangu akamtajia kijiji na zahanati. Mzee akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu kuliko ilivyostahili, na mimi niliyekuwa mstari wa mbele nikajisemea moyoni, ameshikwa huyu, dhambi yake inamtafuna.

"Unga nauza mimi," akasema mwishowe. "Ahadi sikuuza."

"Ukuta wako una rangi yao," dada yangu akasema.

"Walinipakia bure. Nilidhani ni wema."

Baadhi ya watu wakacheka, na dada yangu akafungua kanga kiunoni akaifunga upya. Mzee akageuka, akamwita mkewe alete maji ya baridi. Yakaja kwenye jagi, na gilasi, tukanywa, wapiga matarumbeta nao wakanywa, maana jua lilikuwa limeshakuwa kali. Mlishaona wapi suto linaloishia kwa kunywa maji ya anayesutwa? Akatuambia atawapigia simu wakubwa wa kampuni siku ileile, akatuaga kama wageni. Njia nzima ya kurudi dada yangu alikuwa anagombana na mkanda wa kiatu chake.

Lakini zile simu zilizonyanyuliwa zilikuwa zimefanya kazi ambayo matarumbeta hayakuifanya. Picha zetu zilifika Dar kabla sisi hatujafika nyumbani. Zikaenda Mwanza, zikaenda Mbeya. Watu ambao hawajawahi kuliona vumbi la kijiji chetu wakaanza kuandika chini ya kila tangazo la ile kampuni: tenki la wazazi liko wapi? Kampuni ikiweka picha ya keki, watu wanauliza tenki. Ikiweka picha ya familia inacheka mezani, watu wanauliza tenki. Binti yangu alikuwa ananisomea jioni huku ameweka miguu juu ya kigoda, imevimba. Siku ya tano nilipigiwa simu na mtu wa kampuni aliyeniita "mama yetu". Siku ya tisa tenki likaja.

Walipanga makabidhiano yawe Jumamosi. Turubai, viti vya plastiki, spika, yule mshereheshaji wa mabosi. Tenki jeusi lilikuwa juu ya zile nguzo, na bomba lake limefungwa utepe wa njano. Binti yangu alikuwa na miezi saba na nusu. Waliliona tumbo lake wakafurahi, wakamkalisha mbele kabisa, wakampakatisha kiroba cha unga apigwe picha. Kiroba kizima, cha kilo ishirini na tano, juu ya mapaja ya mja mzito. Nilikwenda nikakiondoa. Akaja kijana wa fulana ya njano akakirudisha, nikakiondoa tena.

Nilipokuwa nyuma ya jengo natafuta kivuli, nesi akanifuata.

"Unaona pampu?" akaniuliza.

Nikatazama kisimani. Bati la zamani lilikuwa bado limefunika mdomo wake.

"Pampu wanasema iko njiani," nesi akasema. "Maji yaliyo juu ni ya boza la jana. Walimzuia dereva, wakamwambia asijaze mapipa, apandishe yote kwenye tenki, ili leo mgeni akifungua yatoke."

"Halmashauri wamekubali?"

Akanitazama kama mtu aliyechoka kubeba kitu. "Lile boza si la halmashauri. Halijawahi kuwa. Dereva aliniambia mwaka wa kwanza, akaniapisha. Ni la yule mzee mliyempigia matarumbeta. Analilipia yeye kila Ijumaa, mwaka wa tano huu, na hataki mtu ajue. Hata wanawe hawajui. Nakwambia wewe kwa sababu nimeshindwa kunyamaza peke yangu, lakini lisitoke kinywani mwako."

Nikamwambia halitatoka. Nilimaanisha.

Nilirudi kukaa kitini. Mgeni rasmi akakata utepe, akafungua bomba, maji yakatoka, watu wakapiga makofi. Diwani akainamisha kichwa. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa mama yetu, mwakilishi wa wateja, atatoa neno la shukrani, akaniwekea kipaza sauti mkononi. Neno nilikuwa nimeliandaa tangu usiku wa jana yake, lilikuwa fupi, lenye asante mbili. Nikamtazama binti yangu. Kiroba kilikuwa kimerudi mapajani kwake.

Nikasema maji haya si ya kampuni. Nikasema pampu haipo, nendeni kisimani mkaone bati. Hapo ningeweza kunyamaza. Kila nikikumbuka, nasimama hapo hapo, najiambia nyamaza mwanamke, umeshasema linalotosha, na kila mara sinyamazi. Nikasema maji haya ni ya mzee wa duka la mjini, ambaye ameyaleta kila Ijumaa kwa miaka mitano, na sisi badala ya asante tulimpelekea matarumbeta. Nikasema yeye hajaandika jina lake kwenye nguzo ya mtu. Sauti ilikuwa inanipanda na nilikuwa naisikia kwenye spika inarudi kwangu. Mshereheshaji akaja kuninyang'anya kipaza sauti taratibu, anacheka na meno yote. Watu hawakupiga makofi. Nesi alikuwa amesimama mlangoni, ananiangalia, kisha akaingia ndani.

Pampu ilifungwa kisimani siku ya sita baada ya hapo. Hilo mnaweza kuliandika, nyie mnaonipigia simu: simu zilikuwa zimenyanyuliwa tena, swali la watu likabadilika kutoka tenki likawa pampu, na kampuni ikaipata hiyo pampu iliyokuwa njiani kwa miezi kumi. Ukiwaaibisha wanatoa. Hawakutoa kwa moyo, na mimi moyo wao sikuwa na haja nao, nilitaka maji.

Binti yangu alijifungua Jumanne. Nilikaa kwenye benchi nje, na kwa mara ya kwanza sikuwa na kitu cha kubeba. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Kupitia dirishani nilisikia bomba linafunguliwa, nesi ananawa, maji yanamwagika tu, mengi, bila mtu kuyapima kwa kikombe. Nililia pale kwenye benchi kama mtu aliyefiwa. Mtoto ni wa kike, na sakafu waliiosha wao.

Nesi sasa ananisalimu kama anavyosalimu wagonjwa wengine. Nilimwomba radhi. Akasema, "Yameshapita, mama," akaendelea na kazi zake.

Kwa mzee nilichelewa kwenda. Nilikuwa nasikia habari. Baada ya maneno yangu ya kwenye spika watu walijaa dukani kwake. Waliokuja kumsifu, waliokuja kumpiga picha, waliokuja na barua za kuomba madawati, mabati, ada. Diwani alikwenda akasimama naye mlangoni akapigwa picha. Wanawe wawili walioko Dar walikuja kumuuliza kwa nini aliwaficha. Boza halikuja tena Ijumaa, na mimi nilijiambia kwamba ni kwa sababu halina kazi tena, maji si yapo.

Mtoto alipotimiza siku arobaini nilikaanga maandazi ya iliki, nikayafunga kwenye kitambaa safi, nikapanda gari kwenda mjini peke yangu. Dada yangu alikataa kuja. Alisema yeye hajawahi kurudi kwenye mlango aliousuta, na hataanza uzeeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Ametimiza arobaini leo."

"Alhamdulillahi." Akapokea kile kitambaa, akakiweka juu ya kaunta, akakifungua.

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa siku ile ya matarumbeta. Kwamba tulimsuta kwa neno ambalo hakulisema, na kwetu hilo ni kosa kubwa, na mimi ndiye niliyekubali mlango uwe wake.

Akatabasamu. "Lile nililisamehe palepale, nyie hata maji hamjamaliza kunywa. Mlikuwa na haki ya kukasirika. Mlikosea mtu tu."

Nikashusha pumzi. Nikataka kuaga. Lakini yeye alikuwa bado anayatazama yale maandazi, na mimi sikuweza kuondoka bila kuuliza.

"Na lile la pili, baba?"

Akavua miwani. "Katika maisha yangu nimefanya biashara kila siku. Nikitoa nataka nipate. Hata swala, wakati mwingine nasimama namwambia Mungu nipe hiki, niondolee kile. Lile boza lilikuwa kitu kimoja tu ambacho sikukiuza kwa mtu. Kila Ijumaa nilikuwa najua kipo. Sasa kimenunuliwa. Watu wamenilipa sifa, na siwezi kuwarudishia."

"Nilitaka wajue wema wako," nikamwambia.

"Najua. Ungelifanya kwa ubaya ningekwisha kukusamehe."

Nyuma yangu alikuwa amesimama mteja anayetaka mchele. Mzee akachukua andazi moja, akalila lote mbele yangu ili nisiondoke na aibu, akapangusa vidole vyake kwa kitambaa changu.

"Nipe muda, mwanangu," akasema, akavaa miwani, akamuuliza yule mteja anataka kilo ngapi.